Pete ya Shaba Shingoni mwa Madoa

Kila asubuhi, kabla jua la Kakuma halijaanza kuuma, Nelly alikuwa na kazi tatu. Kwanza alichota maji bombani. Kisha alimfungulia Madoa, mbuzi wake mdogo, akacheze na wenzake. Mwisho aliipangusa pikipiki ya baba yake kwa kitambaa. Baba yake, Ekiru, alikuwa mwendeshaji wa bodaboda, na alipenda kusema kwamba abiria hapandi pikipiki chafu kama vile mgeni asivyokula kwenye sahani chafu.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nelly alikuwa amemaliza muhula wa pili wa Gredi ya Sita. Nyumba yao ilikuwa upande wa mjini, karibu na mto Tarach, ambao siku nyingi za mwaka ni mchanga mtupu. Mlangoni, juu ya ngozi ya ng'ombe, aliketi bibi yake. Nelly alimwita Ata, kama Waturkana wanavyowaita bibi zao. Macho ya Ata yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Hakuona ila mwanga na vivuli, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na mdomo wake ulikuwa mzima zaidi.

"Kitendawili!" alisema Ata.

"Tega!" Nelly akajibu.

"Akifanya kazi ananyamaza, akipumzika anapiga kelele."

Nelly alifikiri. "Jogoo?"

"Jogoo hupumzika saa ngapi akapiga kelele? Huyo usiku kucha amelala kimya."

"Basi mtoto mchanga."

"Mtoto mchanga ana kazi gani? Nipe mji."

"Nakupa Lodwar."

"Lodwar nimekwenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni pikipiki ya baba yako!" Ata akacheka mpaka akakohoa.

Nelly hakucheka naye. Aliendelea kupangusa, naye aliona lile tone jeusi tena. Lilikuwa limening'inia pale bomba la moshi linapoungana na injini. Lilidondoka mchangani. Lingine likaanza kujikusanya.

Mambo yalianza Jumamosi iliyopita. Ekzosi ya zamani ya pikipiki, yaani lile bomba la moshi, ilikuwa imeliwa na kutu kwa sababu ya kuvuka maji ya Tarach wakati wa mvua. Baba alinunua nyingine sokoni. Haikuwa ya kiwanda kilichotengeneza pikipiki hiyo, ila ilikuwa fupi, inang'aa, na sauti yake ilikuwa nene. Aliifunga mwenyewe uani, Nelly akimshikia spana. Bolti moja nusura ikatike kwa kutu, na baba akatoka jasho.

"Hiyo ya zamani nimekupa," baba alimwambia Nelly, akiisukuma kando kwa mguu. "Chezea, uza chuma chakavu, chochote utakachokikuta humo ni chako."

Nelly aliitikisa ekzosi ile ili amwage majivu. Kidude kidogo kikaanguka. Kilikuwa cha duara, chembamba, cheusi kwa masizi. Alikisugua kwa mchanga, kikaanza kung'aa wekundu wa shaba. Kilikuwa pete nzuri sana! Katika nyumba ya wafugaji, mnyama unayempenda humwachi shingo tupu. Nelly alitafuta ukanda wa ngozi, akaitundika pete ile, akamvalisha Madoa. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Siku ile hapakuwa na mbuzi mwenye fahari kama Madoa katika Kakuma nzima.

Hilo halikuwa kosa. Baba alikuwa amempa kwa mdomo wake. Kosa lilikuja baadaye.

Jumatatu baba alikwenda sokoni upande wa kambi ya wakimbizi. Alipokaribia vibanda, alipunguza mwendo ili asimgonge mtu. Pikipiki ikalia: "Pah! Pah-pah!"

Nyaruach, mama aliyetoka Sudan Kusini, alikuwa akiuza mandazi hapo. Alitupa karai lake, akawavuta watoto wake wawili, akawalalia chini kwa mwili wake mzima. Watu wakakimbia huku na huku. Meza zikapinduka. Mzee mmoja aliingia chini ya toroli na hakutaka kutoka. Baba alisimama katikati ya soko lililokuwa limejaa watu muda mfupi uliopita, akiwa peke yake.

"Samahani, mama," alimwambia Nyaruach, akimwokotea mandazi. "Ni pikipiki tu."

"Wewe unasema ni pikipiki," Nyaruach alijibu. "Mimi nasikia pah, mimi nalala chini. Mwili haukuniuliza. Kwetu tulisikia hiyo pah, na nyumba yetu hatukuiona tena."

Habari zilimfikia Nelly kabla ya baba kufika nyumbani. Kwenye steji ya bodaboda, madereva wenzake tayari walikuwa wamempa jina.

"Jenerali Ekiru! Leo vita ni wapi?"

"Msimkaribie, hajafunga kufuli ya bunduki!"

Baba hakucheka. Jumanne alimchukua Nelly nyuma ya pikipiki, wakaenda kwa fundi Onésphore. Fundi huyo alitoka Kongo, akaanza kazi yake chini ya paa la bati karibu na steji, na watu walisema akiweka sikio kwenye injini, injini humweleza siri zake.

Onésphore alitandika karatasi nyeupe chini ya mkia wa ekzosi, akawasha. Matone yakaangukia karatasi. Alichovya kidole, akanusa.

"Papa Nelly, haya ya nyuma yasikuogopeshe. Ni maji safi. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na mvuke ukikuta bomba bado baridi unakuwa maji. Ni kama mfuniko wa sufuria ya chai. Bomba likipata moto, yatakauka." Alisubiri, na kweli yakakauka. Kisha akapitisha kitambaa cheupe shingoni mwa ekzosi, pale inapoungana na injini. Kitambaa kikawa cheusi. Uso wa fundi ukabadilika.

"Lakini hili ni jambo lingine. Hapa ndipo penye neno. Moshi haupaswi kutokea hapa. Uliweka pete?"

"Pete gani?"

"Gasketi. Pete ndogo ya shaba, inakaa kati ya injini na bomba, inaziba mwanya. Ulipotoa ekzosi ya zamani, pete ilitoka nayo?"

Baba alijikuna kichwa. "Mimi sikuiona. Nelly ndiye aliyeshika ile ya zamani." Akageuka. "Nelly, kulianguka pete yoyote?"

Madereva watatu walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza. Mmoja wao alikuwa akisimulia jinsi mandazi ya Nyaruach yalivyoviringika. Nelly aliona kila kitu kwa mara moja: soko tupu, watoto chini ya mwili wa mama yao, baba akiitwa jenerali. Yote hayo kwa sababu ya shingo ya mbuzi!

"Sikuona pete, Baba," alisema.

Maneno matatu tu. Yalitoka kwa urahisi kama mate.

"Basi imebaki ndani, imeshikana na injini," alisema Onésphore polepole. "Ningefungua nihakikishe, lakini bolti hizi zina kutu. Ikikatika mle ndani, pikipiki yako italala hapa wiki nzima. Kama pete ipo, tutafute tatizo kwingine." Alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta, akakaza hiki na kulegeza kile. Baba alipoijaribu barabarani ilikuwa kimya. Ilipofika kona, baba akapunguza mwendo.

"Pah!"

Onésphore alitikisa kichwa, akamtazama Nelly kwa muda. Nelly akatazama viatu vyake.

Siku zilizofuata Nelly hakula vizuri. Kila alipotaka kusema, alijitafutia kazi nyingine. Alijua Ijumaa ndiyo siku ya Ata kwenda Lodwar kufanyiwa upasuaji wa jicho. Ata alikuwa amengoja zamu hiyo kwa miezi minane. Baba alitaka Ata apande gari, lakini Ata alikataa katakata kwa sababu magari yalimtapisha.

"Gari lina tumbo," alisema. "Nimeishi miaka yote hii bila kuliwa na fisi, sitaki kuliwa na gari. Mwanangu atanibeba kwa upepo."

Ijumaa alfajiri, Ata alivaa shuka lake zuri, akapandishwa kwenye pikipiki, akafungwa kiunoni kwa kitenge pamoja na mwanawe ili asianguke. Jirani yao alipita akitoka kununua maziwa, akawasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Ekiru."

"Ejok-nooi."

"Unakwenda Lodwar? Angalia pale kizuizini. Jana jioni mifugo imeibwa huko mbele. Wameongeza polisi wa akiba, vijana wapya. Hawajalala, na vidole vyao haviko mbali na bunduki."

"Nitakwenda polepole," alisema baba. "Nikiwakaribia nitapunguza mwendo kabisa, pikipiki itulie, nao wanione vizuri."

Alipiga teke, pikipiki ikawaka. "Kwanza napitia kliniki kuchukua barua, kisha petroli. Nelly, tunza nyumba."

Wakaondoka. Nelly alibaki amesimama mlangoni. Nitapunguza mwendo kabisa. Maneno yale yalimzunguka kichwani, kisha yakakutana na kitendawili cha Ata: akifanya kazi ananyamaza, akipumzika anapiga kelele.

Pikipiki ile haikulia ilipokimbia. Ililia ilipopunguza mwendo. Na baba angepunguza mwendo mbele ya bunduki, huku Ata amefungwa mgongoni kwake.

Nelly alipiga mbio hadi kwenye zizi. Madoa alidhani ni mchezo, akaruka upande. "Simama! Simama, Madoa, nakuomba!" Alimkamata mguu, akakata ukanda kwa meno, akaifumbata pete mkononi. Barabara ya gari ilizunguka kupitia mjini. Njia ya miguu ilikata moja kwa moja mtoni. Akaishika hiyo.

Mchanga wa Tarach hauna huruma na mtu mwenye haraka. Kila hatua ulimrudisha nusu hatua nyuma. Alivua viatu, akaviacha. Mwiba ulimwingia kisiginoni, hakusimama kuutoa. Alipopanda ukingo wa pili, aliona kizuizi: mapipa mawili, ubao wenye misumari, na watu wenye bunduki. Barabarani kwa mbali, vumbi moja dogo lilikuwa likija.

"Msipige!" alipaza sauti akikimbia. "Msipige!"

"Simama hapo!" Kijana mmoja wa polisi wa akiba aliinua bunduki. "Una nini mkononi? Fungua mkono!"

Nelly alisimama. Aliinua mikono yote miwili, akafungua ngumi polepole. Pete ya shaba iling'aa juani.

Koplo, mwanamke mrefu mwenye kofia iliyofifia rangi, alisogea mbele. "Binti, ni nini?"

"Baba yangu anakuja. Na bibi yangu haoni. Pikipiki itapiga pah, kama bunduki, akipunguza mwendo. Si bunduki! Ni ekzosi. Haina pete hii. Pete ninayo mimi. Mimi ndiye niliyeichukua, na nilisema sikuiona." Nelly alisema yote hayo kwa pumzi moja, machozi yakimtiririka. "Nilidanganya. Tafadhali msiwapige."

Koplo hakuuliza swali la pili. Aliwageukia wenzake. "Midomo ya bunduki chini! Wote! Pikipiki inayokuja ina hitilafu. Hakuna kugusa chochote mpaka niseme!"

Pikipiki ilikuwa imefika karibu. Nelly alimwona baba akiinua mkono mmoja kusalimu. Alimwona Ata, kichwa juu, shuka likipepea. Baba akapunguza mwendo.

"Pah! Pah! Pah-pah!"

Yule kijana alishtuka. Bunduki ilipanda mikononi mwake kana kwamba imejiinua yenyewe. Koplo aliukamata mtutu kwa kiganja, akaushusha chini.

"Nimesema hapana!"

Kisha kukawa kimya. Baba alikuwa amesimamisha pikipiki, mikono yote hewani, uso umebadilika rangi. Kijana alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kuzama.

"Kwa nini tumesimama?" Ata aliuliza nyuma ya mgongo wa mwanawe. "Tumefika Lodwar?"

Mtu mmoja akacheka, halafu mwingine. Koplo hakucheka. Aliichukua pete mkononi mwa Nelly, akamkabidhi baba. "Bwana, binti yako amekimbia kuokoa maisha yenu. Amekiri pia kosa lake, mbele yetu wote, na wala sisi hatukumuuliza. Sukuma pikipiki hiyo kwa fundi. Hapa haipiti mpaka inyamaze."

Njiani kwenda kwa fundi baba hakusema neno. Alisukuma pikipiki, Ata akiwa amekaa juu yake kama malkia, na Nelly akasukuma kutoka nyuma, akichechemea. Kimya kile kilimuuma kuliko mwiba.

Onésphore alipoiona pete, alipiga makofi mara moja. "Nilijua! Hebu muone." Alikoroga sabuni kwenye kopo la maji, akaipaka shingoni mwa ekzosi kabla haijapata moto, akawasha. Povu likaanza kutokota na kupasuka upande mmoja. "Unaona, Nelly? Mwanya ni huu. Injini ikisukuma, moshi na maji meusi vinatokea hapa. Papa akiachia mafuta, bomba nalo linavuta hewa kupitia hapa hapa. Hewa ikikutana ndani na petroli ambayo haijaungua, inalipuka. Pah! Ekzosi mpya haina kosa lolote. Haikupewa pete yake tu."

Alifungua bolti kwa uangalifu, akizitia mafuta na kuzisubiri. Hakuna iliyokatika. Pete aliiweka kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, kisha akaitumbukiza majini. Ikalia chwiii.

"Kwa nini unaichoma?" Nelly aliuliza kwa sauti ndogo.

"Shaba ikitumika sana inakakamaa, haizibi vizuri. Moto unairudishia ulaini." Akaipachika mahali pake, akakaza bolti hii kidogo, na ile kidogo, kwa zamu, ili zisivutane. Akapaka povu tena. Povu likatulia kama maziwa kwenye kikombe.

Baba aliizungusha pikipiki mara mbili kwenye uwanja wa steji. Alikimbia, akapunguza mwendo. Kimya. Akapunguza tena. Kimya. Madereva walisahau hata kutania.

Ndipo baba alipochuchumaa mbele ya Nelly, akamwinua kisigino, akautoa ule mwiba. "Pete nilikupa mimi, na sikukueleza kazi yake kwa sababu sikuiangalia. Hilo ni langu," alisema. "Lakini nilipokuuliza, ukanijibu vile, hilo ni lako. Nikirudi tutakwenda pamoja kwa Nyaruach."

"Ndiyo, Baba."

Wakaondoka wakiwa wamechelewa. Nelly alisimama kwenye ukingo wa mto, akitazama pikipiki ikikikaribia kizuizi. Ilipunguza mwendo. Hakusikia chochote ila upepo. Koplo aliinua ubao, akapunga mkono.

Jumapili walirudi, Ata akiwa na kitambaa cheupe juu ya jicho moja. Jioni hiyo hiyo Nelly na baba walikwenda sokoni na unga na mafuta ya kupikia. Nyaruach alimsikiliza Nelly mpaka mwisho, mikono ikiwa kiunoni.

"Kwa hiyo hiyo pah ilikuwa shingo ya mbuzi?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Nyaruach aliwatazama watoto wake, kisha akamtazama Nelly. "Kesho njoo mapema unisaidie kukanda unga. Ukikanda vizuri, nitakusamehe. Ukikanda vibaya, nitakufundisha kwanza, halafu nitakusamehe."

Siku kitambaa kilipoondolewa na muuguzi wa kliniki, Ata aliketi tena juu ya ngozi yake, akafumba na kufumbua jicho. Alimtazama Nelly kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe umekuwa mkubwa hivi, na hamkuniambia," alisema. Kisha akamwita Madoa, akampapasa shingo tupu. "Unajua ile pete niliwahi kuishika hapa? Nikadhani ni kengele ambayo haijui kulia. Kitendawili!"

"Tega, Ata."

"Ni kidogo kuliko kidole, lakini kikikosekana mahali pake, soko zima linakimbia."

"Hicho nakijua! Ni pete ya ekzosi."

"Hiyo ni nusu. Nusu nyingine je?"

Nelly alitikisa kichwa. Baba, aliyekuwa akipangusa pikipiki, aliacha kupangusa.

"Nipe mji," alisema Ata.

"Nakupa Kakuma."

"Kakuma naichukua, kwa kuwa sasa naiona. Ni neno la kweli, mjukuu wangu. Ulipoulizwa Jumanne, lilikuwa dogo, lingetoshea mdomoni bila shida. Ulilificha, na kufikia Ijumaa lilikuwa limekua likahitaji mbio, mwiba, machozi na watu wenye bunduki. Ukweli wa mapema ni pete, unaziba mwanya. Useme ungali mdogo."

Alitoa mkufu wake mmoja wa shanga nyekundu shingoni, akaufupisha kwa fundo, akamvalisha Madoa.

"Huu hauzibi chochote," alisema. "Mwache aringe."